Seva ikikukatalia mlango, soma kwanza ilichoandika

Kuna amri ya Linux ambayo ningependa kila fundi wa kompyuta jijini Nairobi aiache kabisa: chmod 777. Huandikwa kwa sekunde mbili, huonekana kama dawa ya kila tatizo, na imeanika data za watu wengi ambao hadi leo hawajui kwamba zimeanikwa. Ukiipiga kwenye folda, kila mtumiaji wa mashine ile, awe binadamu au programu, anaruhusiwa kusoma, kuandika na kufuta kilichomo. Nimeikuta kwenye seva ya chama cha akiba na mikopo, nikaikuta kwenye zahanati, nikaikuta shuleni. Mara nyingi aliyeipiga alikuwa akitafuta jambo zuri tu: nakala za data zitoke zenyewe usiku, bila mtu kukesha akiingiza nywila.

Kazi yangu ni kutunza seva za mashirika madogo. Wateja wangu wanaanzia katikati ya jiji, kwenye vyumba vya ghorofani juu ya maduka ya Tom Mboya Street na River Road, na kuendelea upande wa magharibi hadi Kilimani, Dagoretti Corner na Kawangware. Hawa si mabenki. Chukua chama cha akiba chenye afisi ya vyumba viwili na seva moja ya mitumba, zile tunazoziita ex-UK. Majina, nambari za vitambulisho, amana na madeni ya wanachama wote yamo ndani ya sanduku hilo lililo chini ya meza ya karani. Likipotea, hakuna mahali pengine pa kuuliza nani anadai nini.

Ndiyo maana nakala lazima itoke nje ya jengo. Nairobi imetufunza hivyo kwa uchungu. Agosti 7, 1998 bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliporomosha Ufundi House na kuharibu vibaya jengo la Benki ya Ushirika lililokuwa kando, pale Haile Selassie Avenue inapokutana na Moi Avenue. Januari 28, 2009 moto uliteketeza Nakumatt Downtown, na watu wakafia ndani. Juni 25, 2025 maduka kadhaa ya katikati ya jiji yaliporwa na mengine kuchomwa. Mwenye afisi juu ya duka la simu, ambaye nakala yake iko kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva ileile, anapoteza vyote viwili kwa moto mmoja. Kuna wanaopeleka nakala ng'ambo, na sina ugomvi nao, ila Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, waliokuwa na nakala ya pili humu humu jijini walilala usingizi mzuri zaidi. Chama ninachokizungumzia kina tawi dogo Kawangware, mwisho wa matatu ya nambari 46. Huko tumeweka mashine nyingine, na kila saa nane usiku inaingia kwenye seva ya mjini, inachukua kilichobadilika mchana huo, inaondoka.

Inaingia kwa SSH. Njia hii ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, baada ya wadukuzi kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo hicho. Toleo ambalo karibu kila Linux inalo leo, OpenSSH, lilitoka mwaka 1999 mikononi mwa watu wa mradi wa OpenBSD. Kuingia kwa SSH bila nywila hakuna maana ya kuingia bila ulinzi. Unatengeneza funguo mbili zinazokwenda pamoja. Ule wa siri unabaki kwenye mashine inayoingia. Ule wa umma unaandikwa kwenye orodha ya mashine inayoingiwa, faili liitwalo authorized_keys. Ni kama kumgawia jirani kufuli iliyo wazi: anaweza kufunga nayo mlango wake, lakini wa kuifungua ni wewe peke yako.

Fundi anafanya yote hayo, anajaribu, na seva bado inamwomba nywila. Anatengeneza ufunguo mwingine. Seva inaomba nywila tena. Saa zinakwenda, mteja anapiga simu, na hapo ndipo 777 inapoingia. Anaipiga kwenye folda nzima ya yule mtumiaji, akiamini kwamba akilegeza kila kitu, seva haitakuwa na sababu ya kumkatalia.

Anachofanya ni kuipa sababu. Hebu fikiria. Kama mtu mwingine yeyote ndani ya mashine ile anaweza kuandika kwenye folda yangu, anaweza kuongeza ufunguo wake kwenye orodha yangu, na kesho akaingia akiitwa kwa jina langu. SSH inalijua hilo. Kabla ya kuiamini orodha inakagua faili lenyewe, folda ya .ssh lililomo, na folda ya nyumbani ya mtumiaji. Ikiona hata moja kati ya hizo inaandikika na wengine, inaiweka orodha kando kana kwamba haipo. Kwa hivyo kadiri fundi anavyozidi kufungua, ndivyo anavyozidi kukataliwa. Akichoka, anakwenda hatua mbaya zaidi: anazima ukaguzi huo kwenye mpangilio wa seva, au anaruhusu root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, aingie kwa nywila kutoka popote duniani, au anaiandika nywila waziwazi ndani ya skripti ya usiku. Asubuhi nakala zimefika, malipo yametumwa kwa M-Pesa, na kila mtu ameridhika.

Linaloniuma ni kwamba jibu lilikuwa limeandikwa tangu jaribio la kwanza. Seva haimwelezi anayebisha hodi kwa nini imemkatalia, na inafanya vyema, kwa kuwa anayebisha anaweza kuwa mwizi. Sababu inaiandika ndani, kwenye logi inayosomwa na mwenye haki ya kuwa mle: /var/log/auth.log kwa Debian na Ubuntu, /var/log/secure kwa jamii ya Red Hat. Mle utakuta mstari unaosema kwamba umiliki au ruhusa za folda fulani hazifai, na folda inatajwa kwa jina. Tiba yake ni dakika chache. Folda ya nyumbani isiandikike na mtu mwingine, .ssh iwe 700, orodha ya funguo iwe 600, na zote ziwe mali ya mtumiaji yule yule anayeingia. Kosa la umiliki ni la kawaida sana, maana fundi akitengeneza folda hizo akiwa root, zinabaki za root.

Mweka hazina wa chama kimoja, mama aliyestaafu ualimu, alisimama nyuma yangu nikiisoma logi hiyo.

"Kijana wangu, hiyo mashine inasema nini?"

"Inasema folda hii iko wazi kwa kila mtu, mama, kwa hivyo haiwezi kuiamini orodha iliyomo."

"Na nani aliifungua?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Mafundi waliopita pale walikuwa wametumia akaunti moja, nywila moja, iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati.

Kuna hitilafu nyingine zinazofanana na hiyo kwa nje, na mtu asiyesoma logi huzitibu zote kwa amri ileile. Inayosumbua zaidi ni ile ambayo kila kitu kinafanya kazi mchana ukijaribu kwa mkono, usiku kimya. Mara nyingi ufunguo ni wako wewe ilhali kazi ya usiku inaendeshwa na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, kwa jina la root, na root ana folda yake ya nyumbani na hajui kama ufunguo wako upo. Au ufunguo una nywila yake wenyewe, mchana ulishaifungua na programu ya kutunza funguo inaikumbuka. Usiku hakuna wa kukumbuka. Au mashine inakutana na mwenzake kwa mara ya kwanza na kuuliza kama inamjua, ikasubiri mtu aandike ndiyo. Saa nane usiku hakuna mtu. Njia ya kuzigundua ni kuijaribu kazi hiyo ukiwa mtumiaji yuleyule atakayeiendesha, ukitaja wazi ufunguo utakaotumika, na ukiwasha BatchMode ili ishindwe mara moja badala ya kungoja jibu.

Stima nayo ina mambo yake. Nchi nzima ilipoingia gizani usiku wa Agosti 25, 2023, seva nyingi zilizimika ghafla. Baada ya kukatika kwa namna hiyo mashine huwaka yenyewe, lakini diski ya pili isiweze kushikwa. Kama folda ya nyumbani ya mtumiaji wa nakala iko kwenye diski hiyo, orodha ya funguo haionekani, na seva inaomba nywila kana kwamba haijawahi kukuona. Ukianza kutengeneza funguo mpya hapo unapoteza siku nzima. Rudisha diski kwanza.

Kisha kuna uzee. Tangu OpenSSH 8.8, iliyotoka Septemba 2021, sahihi za RSA za mtindo wa kale unaotegemea SHA-1 hazikubaliwi tena bila kuombwa. Ufunguo wa RSA wenyewe bado unafaa, mradi mashine zote mbili zinajua sahihi mpya. Kwenye mashine zetu za mitumba mara nyingi upande mmoja una Ubuntu ya juzi, na upande wa pili ni sanduku la kuhifadhia data lenye programu za zaidi ya miaka kumi. Siku unapopandisha daraja upande mmoja, mazungumzo yanakatika. Kuna mstari mmoja wa kuuwezesha mtindo wa kale, na mafundi wanaunakili haraka. Mimi nampelekea mteja hesabu ya kubadilisha lile sanduku, na ufunguo mpya ninautengeneza wa aina ya Ed25519, ambao OpenSSH imeujua tangu 2014.

Onyo moja sitalivumilia kuona likizimwa: lile linalosema kwamba utambulisho wa seva ya upande wa pili umebadilika. Huenda ni kweli seva ilisakinishwa upya wiki iliyopita. Huenda pia kuna mtu amejiweka katikati ya njia anapokea data za wanachama. Simu moja kwa aliye kando ya seva hiyo inatosha kujua, naye akakusomea alama ya utambulisho kutoka kwenye kioo. Kuzima ukaguzi huo ndani ya skripti, ili usisumbuliwe tena, ni kukubali kumpa nakala zako yeyote atakayejibu.

Anayedhani nakuza mambo akumbuke kisa cha Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia hujenga hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alifuatilia hadi akakuta mlango wa siri uliofichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, na ambao ungeenea kwenye seva za Linux ulimwenguni kote. Alitangaza Machi 29. Kilichotuokoa ni mtu mmoja aliyekataa kuipuuza kasoro ndogo, na ningependa mafundi wetu wachanga wanaoanzia Luthuli Avenue wasimuliwe kisa hicho kabla ya kufundishwa amri yoyote.

Sasa, hata mlango ukifunguka vizuri, kazi imefika nusu. Ufunguo wa kazi ya usiku kwa kawaida hauna nywila yake, maana hakuna wa kuiingiza. Umekaa kwenye diski, na anayelipata lile faili amepata ufunguo. Kwa hivyo lazima ufungwe mikono. Kwenye orodha ya funguo, mbele ya ufunguo wenyewe, SSH inakuruhusu kuandika masharti: uje kutoka anwani ipi tu, uendeshe amri ipi tu, usifungue kitu kingine chochote. Kwa nakala za rsync, programu ya kunakili kilichobadilika tu, kuna skripti iitwayo rrsync inayoufunga ufunguo ndani ya folda moja, na ukitaka, kwa kusoma tu. Ufunguo wa Kawangware hauwezi kufuta hata faili moja mjini. Na seva ya mjini haina ufunguo wowote wa kuingia Kawangware. Virusi vya kudai fidia vikiishika leo vitafunga data iliyo mbele yake, ila havitazifikia nakala. Wengi hupanga kinyume, seva kuu ikisukuma nakala nje kwa ufunguo wenye mamlaka yote, na siku seva hiyo ikitekwa, nakala zinatekwa nayo.

Wala haya si mambo ya juzi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa Oktoba 2015 waraka mzima kuhusu funguo za SSH zinazotumiwa na mashine, na Ylönen mwenyewe akiwa miongoni mwa waandishi wake. Miaka 20 baada ya kuutunga mlango, alikuwa anahangaika na funguo zilizosambaa bila mwenyewe.

Hizo ndizo ninazozikuta hapa. Nikipokea mteja mpya, jambo la kwanza ni kusoma orodha ya funguo mstari kwa mstari nikiuliza huyu ni nani. Kuna fundi aliyekwenda Dubai. Kuna kampuni iliyofunga afisi yake Westlands. Kuna mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya miezi mitatu. Wote bado wanaweza kuingia, na pengine hawajui wenyewe. Siwalaumu hao walioondoka. Nawalaumu wenye data, ambao humnyang'anya mlinzi aliyeachishwa kazi ufunguo wa lango siku hiyohiyo lakini hawajawahi kuuliza ni nani ana ufunguo wa seva.

Sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, inamtaka mwenye data katika kifungu cha 41 aweke hatua za kiufundi na za kiutawala za kuilinda, na miongoni mwa hatua hizo inataja uwezo wa kurejesha data kwa wakati baada ya ajali ya kimwili au ya kiufundi. Kurejesha! Kuwa na nakala tu hakutoshi. Kifungu cha 43 kinampa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data pale data inapovuja na kuwatia watu hatarini. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Kwa zahanati ya Kawangware yenye rekodi za magonjwa ya majirani, faini ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Mgonjwa akijua kwamba hali yake imesomwa na watu, harudi.

Tena nakala za usiku zina tabia ya kufa kimya. Cron ikishindwa inamwandikia barua mtumiaji wa ndani ya seva, na barua hiyo hakuna anayeifungua. Pale zahanati tumeweka ujumbe mfupi unaofika kwenye simu ya msimamizi kila asubuhi, wenye tarehe na ukubwa wa nakala ya jana. Ujumbe usipofika, ananipigia. Na mwisho wa mwezi tunachukua tarakilishi iliyo kando, tunarejesha nakala ndani yake, naye msimamizi anachagua mwenyewe faili la mgonjwa na kulifungua. Mpaka alifungue, mimi huhesabu kwamba nakala hatuna.

Vyama vingi vya akiba hufanya mikutano mikuu ya mwaka katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Wanachama husimama kuuliza gawio, na ni haki yao. Naomba mmoja asimame aulize data ilirejeshwa lini mara ya mwisho kutoka kwenye nakala, nani alishuhudia, na ni funguo zipi zinazoingia kwenye seva kwa sasa, kila mmoja kwa jina la mwenyewe. Jibu la kwamba kuna fundi anayeshughulikia lisikubaliwe. Itolewe tarehe na ionyeshwe orodha. Halmashauri ikisema haina fedha, iambiwe kwamba OpenSSH na rsync ni bure, na kinachogharimu ni saa za mtu. Kisha bajeti inaposomwa, atazame kama saa hizo zimo, kwa sababu kwenye mikataba mingi ninayoletewa nitie sahihi, hazimo.